Mwenyeji, Raia, Mtu: Safari ya Maneno Kuelekea Usawa Mbele ya Sheria

Ibara ya 13 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inatamka kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria. Ni tamko fupi, na maneno yake ni ya kawaida. Hakuna hata moja ambalo mtoto wa darasa la nne angelazimika kuuliza maana yake. Pengine ndiyo sababu wafasiri na walimu wengi hulipita bila kulitazama, wakaenda kushughulika na istilahi zinazoonekana ngumu zaidi, kama vile dhamana, rufani na zuio. Katika makala hii tunakusudia kusimama pale wanapopita. Tutaonyesha kwamba neno dogo "watu" lililomo katika tamko hilo lilichukua muda mrefu kufika hapo lilipo. Kabla yake sheria za nchi hii zilijua namna za watu, kila namna na jina lake, na kila jina na mlango wake wa mahakama. Hoja yetu ni kwamba ubaguzi wa kisheria huanza kwenye nomino: kwanza mtu hupewa jina, kisha jina humchagulia hakimu, na hakimu naye humchagulia adhabu.

Tuanze na pwani, maana ndiko maneno yetu mengi ya sheria yalikoingilia. Sheria, haki, hukumu, hakimu, kadhi, wakili, mahakama: yote haya tuliyapokea kutoka Kiarabu, na yamekaa nasi hata tukasahau kwamba yalikuwa mageni. Neno raia nalo limetoka huko huko. Asili yake ni kundi linalochungwa, na mzizi wake ni ule ule unaozaa neno la Kiarabu la mchungaji. Raia, basi, alikuwa mtu wa mtawala fulani, aliye chini ya ulinzi wake na chini ya amri yake. Unguja ya karne ya 19 iliwajua raia wa namna nyingi. Sayyid Said alifanya mkataba na Marekani mwaka 1833, na Uingereza mwaka 1839, na Ufaransa mwaka 1844. Na kwa mikataba hiyo mizozo ya watu wa mataifa hayo iliamuliwa na mabalozi wao. Majirani wawili wa mtaa mmoja, wanaonunua samaki kwa mchuuzi mmoja, waliweza kuwa chini ya sheria mbili zisizojuana.

Na chini ya raia wote hao alikuwapo mtumwa, ambaye lugha yenyewe ilimgawa mara nyingine: mtwana, mjakazi, suria, mzalia. Wala tusidhani kwamba mgawanyo huo ulikuwa wa lugha tu. Amri ya mwaka 1897 iliyoufuta utumwa kisheria katika Unguja na Pemba haikumhesabu suria. Yeye alingoja hadi mwaka 1909. Miaka 12 ya maisha ya watu ilining'inia kwenye tofauti ya jina moja na jingine.

Bara, mambo yalikwenda kwa mkono mzito zaidi. Wajerumani waliwagawa wakazi wa koloni lao katika mafungu mawili makubwa, wenyeji na wasio wenyeji. Asiye mwenyeji alihukumiwa na jaji aliyesomea sheria, kwa vitabu vya sheria vya Ujerumani. Mwenyeji alihukumiwa na mkuu wa boma, na kesi yake Wajerumani wenyewe waliiita kwa neno letu, shauri, wakaliandika kwa tahajia yao. Jambo hili linastahili kufikiriwa na watu wa istilahi. Shauri kwa Mswahili ni jambo la kushauriana. Lina pande mbili na lina mazungumzo. Kwenye boma lilibaki na sauti yake, lakini maana ikageuka kuwa kusimama mbele ya afisa aliye mpelelezi, mwendesha mashtaka na hakimu kwa wakati mmoja. Amri iliyotolewa Berlin mwezi wa Aprili mwaka 1896 iliruhusu viboko kuwa adhabu ya kisheria, visizidi 25 kwa mara moja. Na ndipo Kiswahili kilipopata msemo wa uchungu, hamsa ishirini. Amri hiyo hiyo ilisema kwamba Waarabu na Wahindi wasichapwe. Kwa hiyo hata ndani ya fungu la wenyeji kulikuwa na mafungu mengine, na mgongo wa mtu ulilindwa au kuachwa wazi kwa kutegemea jina aliloandikiwa.

Waingereza walipochukua Tanganyika waliweka Mahakama Kuu, iliyoanza kazi mwaka 1921, na kwa muda mahakama za wenyeji zilikuwa na uhusiano nayo. Sheria ya mwaka 1929 iliukata uhusiano huo. Huo ulikuwa wakati wa Gavana Donald Cameron, ambaye aliamini sana utawala wa kupitia machifu, na sheria ya mwaka 1926 ilikwisha kuwapa machifu mamlaka ya serikali. Kuanzia hapo Mwafrika aliyeshindwa katika mahakama ya chifu au ya liwali alikata rufani kwa afisa wa wilaya, kisha kwa mkuu wa jimbo, na mwisho kwa Gavana. Tazama ngazi hiyo: haina jaji hata mmoja. Mtu yule yule aliyekusanya kodi ndiye aliyesikiliza malalamiko ya aliyekataa kuilipa. Mawakili hawakuruhusiwa kuingia.

Wananchi waliziita mahakama hizo mabaraza. Hapa hapana budi tuseme jambo ambalo waandishi wa historia ya ukoloni huliruka, kwa kuwa halipendezi upande wowote. Baraza lilikuwa la watu wa daraja la chini, na lilikuwa daraja la chini kwa makusudi. Lakini ndani yake mtu alisikia kila lililosemwa. Lugha ilikuwa Kiswahili au lugha ya pale pale, wazee walijua mipaka ya mashamba, na aliyeshindwa aliondoka akijua ameshindwa kwa sababu gani. Katika Mahakama Kuu, iliyokuwa na majaji wa kweli na sheria zilizoandikwa, alisimama kama kiziwi, akingoja mkalimani amgeukie. Aliyekuwa na haki chache aliielewa mahakama yake, na aliyepelekwa kwenye mahakama yenye haki nyingi hakuielewa. Fundo hilo tutalirudia, maana liliishi muda mrefu kuliko ukoloni wenyewe.

Mwaka 1951 ilitungwa sheria mpya. Neno la Kiingereza "native" liliondolewa katika jina la mahakama hizo, likawekwa neno lenye maana ya mahali. Tungependa kulisifu badiliko hilo, kwani ni nadra serikali kukiri kwamba neno linaudhi. Lakini walioweza kushitakiwa humo walibaki wale wale. Bango lilipakwa rangi mpya, na mlango ukabaki na kipimo kile kile.

Tunafika mwezi wa Oktoba mwaka 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Bunge lilipojadili muswada wa uraia. Baadhi ya wabunge walitaka uraia wa nchi mpya uwe wa Waafrika tu, na wengine wote waje kuomba baadaye kama wageni. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Watu waliodharauliwa kwa rangi yao kwa miaka 70 walikuwa wakiuliza kwa nini waliowadharau wapewe hadhi sawa na yao katika siku ile ile ya kukombolewa. Waziri Mkuu, Julius Nyerere, alisimama akaipinga hoja hiyo kwa ukali ambao wengi hawakuwa wamewahi kuuona kwake, akasema kwamba anayeufungamanisha uraia na rangi anafanya lile lile alilolilaani kwa mkoloni, na kwamba serikali yake ilikuwa tayari kujiuzulu juu ya jambo hilo. Muswada ulipita.

Kwa mtazamo wa istilahi, kilichotokea siku hizo ni kwamba neno raia lilipinduliwa. Lilikuwa jina la mwenye kuchungwa, likawa jina la mwenye nchi. Halikubadilishwa hata herufi moja, wala hakuna kamati iliyokaa kulisanifu. Hata hivyo mabaki ya maana ya zamani yangalipo, na mwalimu anapaswa kuyaonyesha: tunaposema "askari na raia", tunamaanisha asiye na silaha na asiye na amri, na hapo neno limerudi karibu kabisa na lile kundi la mchungaji.

Kisha ilikuja zamu ya mahakama. Mwaka 1963 sheria iliyowapa machifu mamlaka ilifutwa, na mwaka huo huo ikatungwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1964. Ngazi mbili zilizokuwa zikisimama bega kwa bega, moja ya Waafrika na moja ya wengine, zikawa ngazi moja yenye madaraja: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya na Mahakama ya Hakimu Mkazi, na juu yake Mahakama Kuu. Tunawaomba wasomaji wayatazame majina haya vizuri. "Mwanzo" ni mahali pa kuanzia safari, na "wilaya" ni eneo. Hakuna jina linalomtaja anayeingia. Kwa mara ya kwanza mfanyabiashara wa Kihindi, mkulima wa Kisukuma na meneja Mzungu wa shamba la mkonge waliweza kuitwa mbele ya hakimu mmoja wa daraja la chini kabisa, na kila mmoja wao kupanda kwa rufani hadi kwa jaji. Lugha ya Mahakama ya Mwanzo ilikuwa Kiswahili. Mawakili walibaki nje yake, na sababu iliyotolewa ilikuwa na busara yake: mwenye fedha asimzidi maskini kwa kununua msemaji.

Na neno mwenyeji likaachiliwa lirudi nyumbani. Kwetu mwenyeji ni mtu wa heshima. Ndiye ampokeaye mgeni, na mgeni akija ndiye aponaye. Kulifanya jina la daraja la chini la binadamu katika nchi yake mwenyewe ilikuwa dhuluma hata kwa lugha.

Lakini historia hii haikwendi moja kwa moja kama reli. Katiba ya Uhuru haikuwa na sura ya haki za binadamu, wala ile ya Jamhuri ya mwaka 1962. Usawa wa binadamu ulitajwa katika utangulizi wa Katiba na katika imani ya chama, yaani mahali ambapo mtu anaweza kuusoma lakini hawezi kuudai mahakamani. Mwaka 1962 ilipitishwa pia sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mbele ya hakimu, na kwa aliyewekwa humo swali la kuwa sawa na wengine mbele ya sheria halikuwapo, kwa kuwa hakufikishwa mbele yake. Haki ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na hata hapo mahakama zilingoja hadi mwezi wa Machi mwaka 1988 ndipo ziweze kuzitumia.

Maneno ya Katiba hiyo yalichaguliwa kwa uangalifu kuliko wengi wanavyodhani. Ibara ya 12 inazungumzia binadamu, ya 13 inazungumzia watu wote, ya 14 kila mtu, lakini ya 17, inayohusu uhuru wa kwenda kokote nchini, inasema kila raia. Tumewahi kuona vitabu vya uraia vya shule vinavyobadilishana maneno haya kana kwamba ni visawe, na mara nyingine vikaweka "mwananchi" mahali pa yote. Hilo ni kosa zito. Mkimbizi wa Burundi aliyeko Kigoma si raia wala mwananchi, lakini akishitakiwa kwa wizi yeye ni mtu, na usawa mbele ya sheria ni wake kamili. Mwalimu akifundisha kwamba "wananchi wote ni sawa mbele ya sheria" amekwisha kumtoa mtu huyo mlangoni, bila kujua.

Thamani ya neno hilo ilionekana mapema. Mwanamke mmoja wa Mkoa wa Kagera alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Alipozeeka na kukosa wa kumtunza aliliuza, mwaka 1988, kwa mtu wa nje ya ukoo, kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akaenda Mahakama ya Mwanzo kupinga, na akashinda, kwa kuwa sheria za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zilisema kwamba mwanamke aweza kupewa ardhi ya ukoo aitumie maisha yake yote, lakini hawezi kuiuza. Mahakama ya Wilaya ilitengua uamuzi huo. Rufani ilipofika Mahakama Kuu, Mwanza, Jaji James Mwalusanya aliamua mwezi wa Februari mwaka 1990 kwamba kanuni hiyo inapingana na Katiba, na kwamba masharti yanayomhusu mwanamume anapouza ardhi ya ukoo ndiyo yamhusu mwanamke. Shauri zima lilisimama juu ya vitenzi viwili, kutumia na kuuza. Mwanamume alikuwa na vyote viwili, mwanamke kimoja. Mambo ya jinsi hiyo hayajaishia kwenye ardhi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka miaka 18 kwa mwanamume na miaka 15 kwa mwanamke. Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani, Mahakama Kuu ikaamua mwaka 2016 kwamba tofauti hiyo haiafikiani na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019.

Sasa turudi kwenye lile fundo la lugha. Ngazi ilipokuwa moja, lugha zilibaki mbili. Kiswahili kilitawala chini; kuanzia Mahakama ya Wilaya kwenda juu mazungumzo yaliweza kuwa kwa Kiswahili, lakini kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza. Hakimu alisikia lugha moja na kuandika nyingine. Tuchukue lile jambo dogo linaloanza kila kesi ya jinai, yaani mshitakiwa kusomewa shtaka na kuulizwa kama anakiri. Wengi hujibu, "Ni kweli." Ni kweli kwamba nini? Kwamba nilikuwapo? Kwamba ng'ombe alikutwa kwangu? Kwamba niliiba? Mwingine hujibu "sawa", neno ambalo kwa Kiswahili cha kila siku ni adabu zaidi kuliko kukubali; humaanisha nimekusikia, bwana mkubwa. Maneno hayo yakipita kwenye kalamu na kutokea upande wa pili kama kukiri kosa, mtu amefungwa na tafsiri. Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki iliiona hatari hiyo, na mwaka 1973 ikaelekeza kwamba shtaka lielezwe kwa lugha anayoielewa mshitakiwa, maneno yake yaandikwe kwa kadiri iwezekanavyo kama alivyoyasema, kisha asomewe maelezo ya tukio na kuulizwa tena. Ni mafundisho bora ya ukalimani, na yaliandikwa na majaji.

Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, huku ikiacha nafasi ya Kiingereza pale haki inapohitaji. Hivyo miaka 57 ilipita tangu mahakama zilipounganishwa mpaka lugha ya mlango wa chini iliporuhusiwa kupanda ngazi yote. Hatusemi kwamba waliotangulia walilala. Kazi ya kukusanya istilahi za sheria ilianza miaka ya 60, na Baraza la Kiswahili la Taifa lenyewe liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Kilichokosekana kwa muda mrefu ni lazima ya kuzitumia.

Lazima hiyo imekwisha kuja, na imewaletea wafasiri maswali ambayo kamusi haiyajibu. La kwanza ni kuwatenganisha mtuhumiwa, mshitakiwa, mahabusu, mfungwa na mhalifu. Magazeti yetu huyachanganya kila siku. Mtu aliyekamatwa jana huitwa mhalifu leo, na akiwa tajiri huitwa "anayedaiwa kuhusika". Hapo usawa umevunjwa kwa nomino kabla hakimu hajafungua jalada. Sisi tungependekeza utaratibu mkali: mtuhumiwa mpaka ashitakiwe, mshitakiwa mpaka ahukumiwe, na mhalifu baada ya hapo tu, awe nani awaye.

La pili ni gumu zaidi, na tunalileta kwa wasomaji bila kudai kwamba tumelimaliza. Sheria na hukumu za zamani zinapotafsiriwa, lile neno "native" lililojaa katika kurasa za miaka ya 20 na 30 litafsiriwe vipi? Wenzetu wengine huandika "mwenyeji", wengine "mzalendo". Tafsiri hizo ni za adabu, na ubaya wake uko hapo hapo. Mzalendo wa leo ni mpenda nchi yake. Mwanafunzi akisoma kwamba mwaka 1929 wazalendo walinyimwa rufani kwa jaji, atadhani waliadhibiwa kwa siasa yao. Akisoma "mwenyeji", atamwona mtu aliye kwake, anayekaribisha wageni. Hatamwona yule ambaye sheria ilimwandika jina ili imfungie mlango. Tumejaribu "mtu wa asili ya Kiafrika kama alivyofasiliwa katika sheria hiyo", na tunakiri ni refu, na linachosha likirudiwa mara 20 katika ukurasa mmoja. Hata hivyo, kwa sasa tunalipendelea, kwa sababu humlazimisha msomaji kukumbuka kila mara kwamba kulikuwa na sheria iliyokaa ikafasili ni nani aingie na ni nani asiingie. Atakayepata neno fupi lisiloificha fasili hiyo, tunaomba alilete tulijadili.